Bromeliadi haipunguzwi kwa mkasi: kutawala ukubwa na ukuaji wake ndani ya nyumba

Mkulima wa nanasi wa Kayunga au Luweero anaijua bromeliadi hata kama hajawahi kulisikia jina hilo. Anajua kwamba mche mmoja wa nanasi hutoa tunda moja, halafu basi. Anajua pia kwamba shamba haliishii hapo, kwa sababu ubavuni mwa mche huo hutoka machipukizi, nayo ndiyo yatakayozaa mara ijayo. Nanasi ni bromeliadi. Lile ua jekundu lenye majani ya kung'aa linalouzwa kwa ajili ya sebule na mapokezi ya ofisi, Kampala na Entebbe, ni la ukoo huohuo na linaishi kwa kanuni hiyohiyo.

Ukoo wenyewe, Bromeliaceae, una spishi zaidi ya 3,000, na karibu zote asili yake ni bara la Amerika. Afrika ina moja tu ya kwake, Pitcairnia feliciana, inayoota kwenye miamba ya Guinea. Maana yake ni kwamba mimea hii ililetwa Uganda, na ushauri mwingi unaosambaa kuihusu umeandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi. Ukiufuata neno kwa neno hapa kwenye ikweta, unaweza kuunguza mmea Juni na kuunyima mwanga Desemba. Tutalifikia hilo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mkubwa zaidi. Kuna anayelalamika kwamba bromeliadi yake imekaa mwaka mzima bila kukua hata kidogo, na kuna anayelalamika kwamba yake imetanuka hadi imemaliza meza. Wote wawili hufikiria mbolea, maji au kukata. Lakini swali la kwanza ni moja: je, mmea umeshachanua?

Bromeliadi ina ncha moja tu ya kukua, nayo imejificha chini kabisa katikati ya majani. Kila jani jipya hutoka hapo. Jani likishafika urefu wake halirefuki tena, na likikatwa halichipui upya. Linabaki kigutu chenye ukingo wa kahawia. Hapa ndipo inapoachana na bogenvilia au mfikusi, ambao ukikata tawi macho ya chini yanaamka na mmea unakuwa mfupi na mnene. Ukimkata bromeliadi kichwa, umeiondoa ncha pekee aliyokuwa nayo.

Siku moja ncha hiyo huacha kutoa majani na kugeuka kuwa ua. Kuanzia hapo shada hilo la majani halitatoa jani jingine kamwe. Halitaongezeka upana wala urefu, hata ulitie mbolea ya aina gani. Litakaa na rangi yake miezi miwili, mitatu, pengine mitano kwa aina iitwayo Guzmania, kisha litaanza kuchoka taratibu, na muda huohuo litatoa watoto, yaani machipukizi, ubavuni. Wanaouza bromeliadi zilizochanua kwa kawaida huzilazimisha kuchanua zikiwa kwenye banda, kwa hiyo mmea ulioununua ukiwa na ua umeununua ukiwa katika ukubwa wake wa mwisho. Haujadumaa. Umemaliza. Uliyemnunua bila ua ndiye bado anakua, na huyo ndiye unayeweza kumwelekeza.

Chagua ukubwa kabla ya kulipa

Hakuna utunzaji utakaoifanya spishi kubwa iwe ndogo kwa kudumu, kwa hiyo uamuzi mzito zaidi hufanyika kwenye kitalu. Cryptanthus, anayefanana na nyota iliyolala juu ya udongo, huishia upana wa sentimita 10 hadi 15 kwa aina zake za kawaida. Anatosha kwenye dawati. Guzmania wengi wa ndani hufika sentimita 30 hadi 60. Aechmea fasciata, yule mwenye majani ya kijivu yenye unga wa fedha na ua la waridi, hutanuka sentimita 45 hadi 60, na majani yake yana miiba pembeni, hivyo si wa kuweka kwenye korido wanakopita watoto. Neoregelia carolinae hana kimo, lakini hulala bapa kama sinia na kufika upana wa nusu mita au zaidi.

Wa kujihadhari naye ni Alcantarea imperialis. Akiwa mchanga ana umbo zuri la kikombe na anaingia kwenye chungu kidogo bila shida. Akikomaa shada lake linazidi mita moja upana, na shina la ua hupita kimo cha mtu. Huyo ni wa bustanini.

Ukimkuta muuzaji asiyejua jina la mmea wake, pitisha kidole kwa uangalifu kwenye ukingo wa jani. Laini bila miiba kwa kawaida ni Guzmania au Vriesea, wanaostahimili mwanga wa ndani. Wenye miiba, yaani Aechmea, Neoregelia na Billbergia, wanataka mwanga mwingi zaidi, na ukiwaweka gizani ndio hasa watakaokutanukia vibaya.

Mwanga ndio unaopima urefu wa jani

Mmea unaokosa mwanga hurefusha majani kuutafuta. Majani yanakuwa membamba, marefu, yanalegea na kuning'inia, na rangi nyekundu au mistari myeupe inafifia kuwa kijani. Mwenye nyumba anaona mmea "umekua sana" na kufurahi, au anaudhika kwa kuwa umejaza meza. Kwa kweli umenyooka tu kwa njaa ya mwanga. Neoregelia aliyepaswa kuwa sinia la sentimita 40, mwenye katikati jekundu, anaweza kuwa fagio la kijani lenye upana wa sentimita 70.

Dirisha lipi, basi? Kampala iko kaskazini mwa ikweta kwa chini ya nusu digrii. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi huwa kusini. Dirisha la kaskazini, ambalo vitabu vya Ulaya huliita la kivuli mwaka mzima, hapa hupigwa na jua moja kwa moja katikati ya mwaka. Lile la kusini nalo hulipata Desemba. Kwa bahati nzuri jua letu la saa sita liko juu sana: hata siku linapoinama zaidi, dirisha lenye kioo cha mita 1.2 kutoka kizingiti cha chini hadi juu huruhusu jua la saa sita kuingia takribani nusu mita tu chumbani, na paa lenye upenu mpana hulipunguza zaidi. Jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia ndani kabisa.

Dirisha la mashariki ndilo bora kuliko yote. Jua la kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi lina nguvu ya kuweka rangi bila kuchoma. Neoregelia na Aechmea wakae sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye kioo hicho. Guzmania na Vriesea warudi nyuma mita moja hadi mbili. Dirisha la magharibi ni kali, kwa sababu kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni hewa ya chumba tayari ina joto, na jani laini linalogusa kioo hupata mabaka makavu ya rangi ya majani makavu. Weka pazia jepesi au usogeze mmea mita moja na nusu ndani. Ikiwa una madirisha ya kaskazini na kusini tu, weka alama kwenye kalenda mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, na uhamishe vyungu.

Kipimo rahisi kisichohitaji kifaa: saa sita mchana inua kiganja sentimita 30 juu ya majani. Kivuli chenye ukingo unaoonekana wazi kinawatosha wenye miiba. Kivuli chenye ukingo uliofifia kinamtosha Guzmania. Usipoona kivuli kabisa, mmea hapo utarefuka na kulegea.

Zungusha chungu robo duara kila wiki ili shada lisiegemee upande mmoja. Na ukiutoa mmea gizani kuupeleka kwenye mwanga, fanya hivyo kwa hatua ndani ya wiki mbili au tatu. Jani lililokulia kivulini huungua ndani ya siku moja. Jambo ambalo huwakatisha watu tamaa ni hili: majani yaliyokwisha kurefuka hayatarudi kuwa mafupi. Ni majani mapya ya katikati tu yatakayotoka mafupi na yenye rangi, na itachukua miezi mingi mpaka yale ya zamani ya nje yazeeke na kuondolewa.

Kuondoa jani la nje kuna namna yake. Likishakauka kabisa, lipasue kwa urefu katikati kutoka kwenye ncha kuelekea shinani, kisha vuta kila nusu kwa upande wake. Linatoka safi bila kutikisa mizizi. Kama ni ncha tu iliyokauka, kata kwa mkasi ukifuata umbo la jani, na acha ukingo mwembamba wa kahawia. Ukigusa sehemu ya kijani, jeraha jipya litakauka tena na utarudi kukata.

Chakula na chungu

Bromeliadi wengi wa ndani, kwao kwa asili, huota juu ya matawi ya miti bila kumnyonya mti. Mizizi yao kazi yake kubwa ni kushikilia. Maji na chakula huingia kupitia vijigamba vidogo mno vilivyo kwenye majani, hasa kwenye kikombe kinachofanywa na majani katikati. Ndiyo sababu chungu kikubwa hakiwakuzi. Huwaozesha: udongo mwingi unabaki na maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza.

Guzmania anatosheka na chungu chenye mdomo wa sentimita 10 hadi 12, Aechmea na Neoregelia mkubwa sentimita 15. Mmea ukilemea na kutaka kuanguka, usimpe chungu kikubwa zaidi; mhamishie kwenye chungu cha udongo wa kuchoma cha kipimo kilekile, au weka kile cha plastiki ndani ya chombo kizito. Udongo mweusi wa shamba haufai, kwani unashikamana baada ya miezi michache. Changanya sehemu 2 za nyuzi za nazi, sehemu 1 ya chenga za makaa zilizopepetwa vumbi, na sehemu 1 ya mchanga wa chembe kubwa au vipande vidogo vya mawe ya volkano kama yale ya Kisoro. Maji unayomimina juu yaanze kutoka chini ndani ya sekunde chache.

Kuhusu mbolea, wenye duka watakupa NPK 17-17-17 ya punje, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa. Inafaa, ikipunguzwa sana: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, takribani gramu 5, kwenye lita 10 za maji, yaani nusu ya jerikeni la kawaida. Iache usiku mzima, chuja mashapo, kisha mwagia udongo mara moja kwa mwezi. Usiitie kwenye kikombe. Huko huchoma majani machanga na kuotesha ukungu wa kijani. Urea achana nayo. Ina naitrojeni 46 katika kila 100, na naitrojeni nyingi ndiyo njia ya haraka ya kumfanya Neoregelia awe mrefu, laini na asiye na rangi. Ukitaka abaki mdogo na mwekundu, usimpe mbolea kabisa baada ya mche kushika. Mwanga mwingi na njaa kidogo humfanya mfupi. Guzmania mchanga unayetaka akue haraka ndiye wa kulishwa kila mwezi mpaka atakapochanua.

Maji ya kikombeni yafike kina cha sentimita 2 au 3, yasizidi. Maji ya mvua ni bora. Ya bomba yalaze usiku mmoja kwenye ndoo wazi. Kabale na kwingineko kwenye baridi ya milimani, ambako ukuaji ni wa polepole, acha unyevu tu kikombeni, la sivyo moyo wa mmea unaoza. Gulu na Arua, Desemba hadi Februari, hewa ni kavu na ncha za majani hukauka mapema. Huko kikombe kisikae kikavu.

Kila wiki mwaga maji yote kwa kuupindua mmea juu ya sinki, suuza, ujaze upya. Hii haihusu ukuaji peke yake. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye vikusanyiko vidogo vya maji kama mashimo ya miti na vikombe vya majani. Ni jamii ileile ambamo virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1948 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, kwenye joto letu, huchukua kama wiki moja hadi siku kumi. Ukimwaga kila siku ya saba bila kukosa, unamkatiza njiani. Sebule yenye bromeliadi tano zisizosuuzwa ni mazalia.

Na dawa ya ukungu yenye shaba, ile inayopulizwa kwenye kahawa, isikaribie mimea hii. Shaba huiua.

Siku ya kuchanua ni kufuli ya ukubwa

Kwa kuwa mmea ukichanua hautoi majani tena, anayetawala siku ya kuchanua anatawala ukubwa. Kinachouamsha ni gesi iitwayo ethilini. Karne ya 19, kwenye vibanda vya nanasi vya visiwa vya Azores, iligunduliwa kwamba moshi huifanya mimea ichanue kwa pamoja. Ethilini ilikuwa ndani ya moshi huo. Leo mashamba ya nanasi hutumia dawa ya etefoni kwa lengo hilohilo. Nyumbani inatosha bogoya, yaani ndizi tamu, iliyoiva.

Subiri mpaka shada lifikie ukubwa unaoutaka, lakini lisiwe chini ya mwaka mmoja na nusu tangu lilipotenganishwa na mama yake. Mwaga maji yote ya kikombeni, kwa sababu ethilini ikikuta maji haifiki vizuri kwenye ncha. Weka chungu kizima ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) kubwa inayopitisha mwanga pamoja na bogoya mbili zilizoiva vizuri, zisiguse majani. Funga mdomo. Kaa nayo mbali na jua siku 7 hadi 10, kisha fungua, jaza maji, rudisha mahali pake. Ua litaonekana baada ya wiki 6 hadi 14 kutegemea aina.

Ukiharakisha, utalipa. Mche mchanga ukilazimishwa hutoa ua dogo lisilo na nguvu, na pengine mtoto mmoja dhaifu au asiwepo kabisa. Hapo umefunga ukubwa na pia umekata kizazi. Jambo hilo linaweza kutokea hata bila kukusudia: mche ulioko karibu na bakuli la matunda yanayoiva, au penye moshi wa sigiri, unaweza kuchanua kabla ya wakati wake. Unayetaka akue zaidi mtoe jikoni.

Watoto

Baada ya ua, ukuaji wote unahamia kwa machipukizi, na hapa ndipo chungu kinapojaa kwa kasi. Una njia mbili, na zinatoa umbo tofauti kabisa.

Ukiwaacha wote, utapata kichaka. Watabanana, kila mmoja atakuwa mwembamba na mdogo kuliko mama, na baada ya vizazi viwili chungu kitapasuka au kulemea. Kwa Billbergia sura hiyo inapendeza. Kwa Guzmania na Aechmea, ambao uzuri wao ni duara kamili la majani, haipendezi. Ukibakiza mmoja au wawili wenye nguvu na kuondoa wengine wakiwa wadogo, waliobaki hufikia ukubwa wa mama.

Wa kuondoa ili kupandwa asiondolewe mapema. Angoja afikie theluthi moja hadi nusu ya kimo cha mama, kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Toa mmea wote kwenye chungu, sukuma mtoto pembeni uone anapoungana na mama, kata hapohapo karibu na mama kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Aechmea na Neoregelia hutoa watoto kwenye kikonyo kinachoonekana, kazi ni rahisi. Guzmania huwatoa katikati ya majani, wamebanwa sana, na kuwalazimisha huwavunja. Huyo ni afadhali kumwacha mtoto mahali pake na kumwondoa mama baadaye. Jeraha likauke kivulini siku moja au mbili. Panda kwenye chungu cha sentimita 10, kina cha sentimita 2 au 3 tu, ukimshikilia kwa vijiti viwili vya mianzi asitikisike, kwa maana kila akitikisika mizizi mipya inakatika. Mizizi hushika baada ya wiki 4 hadi 8. Mbolea ingoje mpaka hapo. Kuchanua kwake kwa asili huchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

Mama aliyeondolewa watoto mapema mara nyingi hutoa wengine, kwa hiyo mpe maji na mbolea hafifu kama kawaida. Shina la ua lililofifia likate chini kabisa, watoto wapate mwanga. Majani ya mama yaliyo kijani yaache, kwani bado yanawalisha. Akishakuwa kahawia zaidi ya nusu, mkate kwa kisu chenye meno sentimita 3 juu ya udongo, acha kigutu kikae kama nanga ya watoto, na jaza pengo kwa chenga za makaa hadi usawa wa udongo.